Chane za Miyaa Nilizozikata

Wenzangu mnaobaki zahanati mmeniomba niandike machache kuhusu kazi yetu kabla sijaanza kuyasahau, au, jambo lililo baya zaidi, kabla sijaanza kuyapamba. Nimekubali kwa sharti moja: sitagusa habari za vyeo wala madaraja. Nilipandishwa nilipopandishwa, na barua zenyewe zimo katika jalada ambalo mende wamelisoma kwa makini kuliko mimi. Nitaandika habari za mafua.

Najua mtacheka. Mkunga aliyepokea watoto wa vijiji vitatu angetarajiwa kuandika juu ya uzazi, au juu ya malaria, mambo yenye heshima zake. Mafua hayana heshima. Yanakuja na kipupwe, yanakaa wiki moja, yanaondoka yenyewe, na mgonjwa humshukuru yeyote aliyekuwa amesimama karibu siku yalipoondoka. Hapo ndipo ilipoanzia taabu yangu, kwa maana kwa miaka mingi aliyekuwa amesimama karibu hakuwa mimi.

Nilizaliwa Kilindoni, mji wa kisiwa chetu, nyumba ya tatu kutoka sokoni, kwa hiyo nilikua nikijihesabu mtoto wa mjini. Mama yangu alinunua mikeka, hakuisuka. Nalitaja jambo hili dogo kwa sababu litahitajika huko mbele. Nilisomea uuguzi bara, na huko nikampata Sista Veronika, msimamizi wa wodi ya watoto, mwanamke mfupi aliyetembea kama anayewahi treni katika mji usiokuwa na reli. Yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu pumzi. Alikataa katakata tuhesabu nusu dakika kisha tuzidishe kwa mbili. "Mtoto hapumui kwa hesabu ya kuzidisha," alisema. Na jingine alilolirudia hadi tukaliota: "Mtoto anayelia hahesabiwi pumzi. Mngojee anyamaze. Kama huna muda wa kumngojea, huna muda wa kumtibu." Siku nilipomaliza alinipa saa yake ya mkono yenye mshale wa sekunde, mkanda wake umekatika mahali pawili na kushonwa kwa uzi wa kushonea vidonda. Ninayo hadi leo. Inachelewa kidogo, lakini dakika moja bado inaijua.

Baada ya miaka mingi huku na huko nilipangiwa kijiji chetu. Sitakitaja jina, ninyi mnakijua na wengine hawana haja nacho. Nilikabidhiwa mizani ya watoto, jiko la kuchemshia vifaa, makabati mawili, rejista, vipimajoto vitatu na ndoo yenye mfuniko. Tabibu aliyenitangulia alikuwa amekwisha kuhama wiki mbili kabla. Karatasi ya makabidhiano ilisainiwa na mhudumu wa usafi. Kila kitu kilichokuwamo katika karatasi ile kilikuwapo. Kitu kimoja hakikuandikwa, na ndicho nilichokihitaji kuliko vyote, lakini hilo nililijua miaka mitatu baadaye.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa katikati ya kipupwe. Benchi lilijaa watoto wa kikohozi, na chumba kizima kilinukia tangawizi na karafuu kama jiko la harusi. Nikamwita mama wa kwanza.

"Ameanza lini kukohoa?"

"Ana siku tatu, Dokta."

"Nyumbani umempa nini?"

"Mimi sijampa kitu. Nimempitisha kwa Bi Mize."

"Bi Mize ni nani?"

Benchi zima liligeuka, kama vile nimeuliza bahari iko upande gani.

"Na kama umekwisha kumpitisha kwa Bi Mize, hapa umefuata nini?"

"Uzito," alisema yule mama kwa upole. "Na tumeambiwa kaja daktari mpya, nikasema nikutazame."

Cheo changu rasmi kilikuwa mganga mfawidhi wa zahanati. Bi Mize hakuwa mganga wa aina yoyote, na aliudhika akiitwa hivyo. Alikuwa mjane aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi na mitano, msuka mikeka, aliyekaa barazani kwake tangu jua kuchomoza. Wiki ya pili nilikwenda kumchungulia, nikijifanya natafuta mkeka. Nilimkuta amekaa na maalim wa madrasa, ambaye sauti ilikuwa imemkauka.

"Sauti imekwenda wapi, Maalim?"

Maalim akanong'ona jambo.

"Usinong'one. Kunong'ona kunalichosha koo kuliko kusema. Nyamaza kabisa siku mbili."

"Mkewe atachinja mbuzi," alisema mwanamke mmoja kutoka ndani, na maalim, kwa kuwa alikuwa amekatazwa kusema, ikambidi acheke kwa mabega.

Nilisikiliza maelekezo yake kwa sikio la mtihani. Maji ya vuguvugu na chumvi, asukutue koo, asimeze. Tangawizi mbichi ipondwe, ichemshwe na mchaichai na karafuu mbili, si tano, kwa sababu karafuu tano ni kiburi. Kikombe kikishapoa kiasi cha kushikika ndipo itiwe asali, na ndimu mwisho. Supu ya samaki nyepesi, maji mengi, kulala. Nilikuwa nikiingoja hiyo asali. Nilimwazia mtoto mchanga, nikajiandaa kumsahihisha, naye akamgeukia mama aliyekuwa na mtoto mgongoni akasema, "Wewe usisikilize hayo. Asali si ya asiyetimiza mwaka. Wako ni maziwa yako tu, na tone la maji ya chumvi puani." Nikahamia kwenye mafusho. Sufuria ya majani ya mkaratusi na kivumbasi aliiweka ndani ya beseni kubwa isipinduke, mtu mzima akajifunika kanga, na watoto wakakatazwa kusogelea hata beseni lenyewe. Kila kosa nililokwenda kulitafuta alikuwa amekwisha kuliondoa njiani. Nilirudi na mkeka nisiouhitaji, na kijicho kimenijaa hadi kooni, mahali ambapo maji ya chumvi hayasaidii.

Niseme wazi, kwa kuwa nimestaafu na aibu haikatwi kwenye kiinua mgongo: sikumwonea wivu dawa zake. Tangawizi iko kila duka la Kilindoni. Nilimwonea wivu namna watu walivyokaa mbele yake. Kwangu walikaa ukingoni mwa benchi, miguu tayari kuondoka. Kwake walijinyoosha. Wagonjwa walivuka maji kutoka kisiwa cha Juani, wakashuka Utende, wakapanda pikipiki na kuipita zahanati yangu yenye bati jipya na ubao uliopakwa rangi, kwenda kukaa kwenye baraza ya udongo na kuambiwa walale. Mimi pia niliwaambia walale. Kwangu waliona nimewanyima dawa.

Basi nikaanza kuwapa. Hili naliandika kwa ajili yenu hasa. Nilitoa vidonge vya kuua bakteria kwa mafua yasiyokuwa na bakteria, nikijua, ili tu mtu atoke mlangoni kwangu ameshika kitu mkononi ambacho Bi Mize hana. Niliwakaripia pia waliochelewa. Anayesema mtoto ana siku nne nilimwuliza siku zote nne alikuwa wapi, na jibu tulilijua sote. Na kuna moja dogo zaidi, ambalo pengine ndilo baya kuliko yote. Mwanamke aliyenizidi umri ule, desturi yetu ni kumwamkia shikamoo. Mimi nilimpa salaam aleykum. Ni salamu ya dini, haina kosa, na huwaweka watu wawili kwenye kimo kimoja. Nilijificha nyuma yake kwa miaka.

Mwaka wa pili nilisimama katika mkutano wa kijiji nikazungumza juu ya hatari ya kuwafukiza watoto. Nilisema kweli tupu, kwa ufasaha, huku nikitazama upande wake. Nilipokaa, mwenyekiti alimwuliza kama ana neno.

"Dokta kasema kweli," alijibu Bi Mize bila kuinuka. "Mtoto hafukizwi. Nimelisema mpaka nimechoka. Alhamdulillahi, sasa nimepata msaidizi."

Wakapiga makofi. Sina haja ya kueleza walimpigia nani.

Tangu miezi ya mwanzo nilikuwa nikiziona zile chane. Baadhi ya watoto walioletwa na kikohozi walikuwa wamefungwa mkononi chane ya mwaa, ule ukanda mwembamba wa jani ambao wanawake wa kwetu husukia mikeka, umepigwa mafundo mafundo. Waliofungwa wote walitoka kwa Bi Mize. Mtoto wa mjini nilijua habari za vitu vifungwavyo watoto mkononi. Shangazi zangu walikuwa wakiwafunga watoto wao kuwakinga na kijicho. Na katika kijiji kile, mwenye kijicho alikuwa nani? Hakuna aliyenitaja, lakini mwizi hasubiri kutajwa. Niliamini zile chane zilifungwa kwa ajili ya jicho langu, ili mtoto aingie zahanati na kutoka salama.

Nikawa nazikata. Nilichukua mkasi wa bandeji, nikakata bila kusema neno, nikatupa ndani ya ndoo yenye mfuniko pamoja na pamba chafu. Kilichonishangaza ni kwamba akina mama hawakupinga. Waliutazama mkasi ukipita, kisha wakashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Nilidhani wamesalimu amri. Ilikuwa furaha yangu ndogo ya kila wiki.

Mwaka wa tatu, asubuhi moja, aliingia Rukia, mkulima wa mwani, amembeba binti yake Zulfa wa mwaka mmoja na nusu. Maji ya bahari yalikuwa yakitoka, na wakulima wa mwani hufuata maji, hawafuati saa za ofisi; alikuwa na haraka. Mtoto alilia tangu mlangoni. Mkononi alikuwa na chane.

"Ameanza lini?"

"Jana, Dokta."

"Kwa Bi Mize umepita?"

Akautazama mkono wa mtoto, akanitazama mimi, kama anayeulizwa jina la kitu kilichoandikwa mezani. "Nimepita."

"Basi ungengoja dawa za Bi Mize zifanye kazi."

Nikakata ile chane. Nakumbuka ilikuwa na mafundo. Niliyaona kama mtu anavyoona vifungo vya shati la jirani. Nikatoa saa ya Sista Veronika. Zulfa alizidi kulia. Nilipaswa kumrudisha kwa mama yake, anyonye, anyamaze, nimngojee. Nilihesabu nusu dakika juu ya kilio, hesabu ikavurugika, nikaiacha. Nikaandika: mafua, siku ya kwanza. Nilimwelekeza Rukia amnyonyeshe mara kwa mara, asafishe pua kwa maji ya chumvi, arudi akizidiwa. Hayo yote ni sahihi kwa mafua ya siku ya kwanza. Na siku hiyo, kwa kuwa nilikuwa nimemkasirikia mwanamke ambaye hakuwapo chumbani, sikutoa hata vile vidonge nilivyozoea kuwagawia wasiovihitaji.

Siku mbili baadaye Bi Mize alikuwa mlangoni, amembeba Zulfa mwenyewe, Rukia nyuma yake bila viatu. Hakuwahi kuingia zahanati tangu nifike. Naandika kwa aibu kwamba fikra yangu ya kwanza, kabla sijamtazama mtoto, ilikuwa: leo amekuja kwangu.

Alimlaza Zulfa mezani, akainua kigauni. "Tazama."

Chini ya mbavu palikuwa panabonyea kila alipovuta pumzi. Pua zilitanuka. Mtoto hakuwa analia tena. Alikuwa kimya kabisa, na sasa nilikuwa na nafasi yote ya kuhesabu. Mshale haujamaliza mzunguko wake nilikuwa nimekwisha kupita sitini. Nilimchoma sindano ya kwanza, nikapiga simu Kilindoni kuomba gari la wagonjwa, kisha tukakaa kulingoja. Rukia alikuwa amempakata mtoto wima. Hakuna muda mrefu kama huo katika kazi yetu, na chuoni haufundishwi.

"Juzi nilikuletea mafundo matano," alisema Bi Mize. Sauti yake haikupanda. "Uliyafanya nini?"

"Niliyakata."

"Najua uliyakata. Rukia kaniambia Dokta kakata, nikalala usingizi. Nakuuliza, uliyahesabu?"

"Kuhesabu nini, Bi Mize?"

Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyezungumza kwenye simu muda mrefu, akagundua kuwa upande wa pili hapakuwa na mtu.

"Fundo moja usiku mmoja," alisema. "Mtoto wa mafua matupu simfungi kitu, anarudi kwao na mchaichai wake. Ninayemfunga ni aliyenishinda. Mimi kuandika barua zenu sijui. Tulipatana na tabibu wa kabla yako: nikifunga, yeye atafungua, atahesabu. Nikasikia wewe unakata. Nikasema, huyu kasoma chuo, ana haraka zaidi. Kukata ndiko kupokea kwake."

"Kila mtoto mwenye chane..."

"Kila mmoja. Miaka mitatu."

Nikamgeukia Rukia, kwa kuwa mtu aliyekosa hutafuta wa kugawana naye. "Mbona uliniambia ameanza jana?"

"Nikisema siku tano unanikaripia," alisema Rukia, macho kwa mtoto. "Sote tunasema jana, Dokta. Tukijua mkononi imeandikwa."

Gari lilikuja. Nilikwenda nalo, Zulfa mapajani kwa mama yake, mkono wangu kifuani pake barabara nzima. Hospitali ya wilaya walimwekea oksijeni, na nilibaki huko hadi mbavu zilipoacha kubonyea, kesho yake mchana. Alipona. Hivi leo yuko sekondari, na sauti yake ya kuita wenzake husikika hadi barabarani. Kila nikiisikia huacha ninachofanya. Lakini asubuhi ile ndani ya gari sikujua kama atapona, na nilikuwa na saa nzima ya kufikiri. Kila chane niliyoitupa ilikuwa mahali ambapo Bi Mize alisema: hapa nimefika mwisho, mpelekeni kwake. Kwa miaka mitatu mwanamke yule alikuwa akinikubali mbele ya kijiji kizima, na mimi niliziokota shahada zake moja moja nikazifunika ndani ya ndoo ya taka. Wangapi niliwaokoa kwa saa na bahati, wangapi nilikosea bila kujua, rejista haisemi. Nimeisoma yote. Imejaa neno "jana".

Niliporudi niliandika utaratibu kwa mkono wangu, nikautia sahihi na kuubandika ukutani, ule mnaouona hadi sasa. Chane ifunguliwe, isikatwe. Mafundo yahesabiwe mbele ya mama. Idadi iandikwe, na chane yenyewe ibandikwe kwenye kadi ya mgonjwa. Chini yake niliorodhesha dalili za hatari. Karipio nililiacha, ingawa halikuniacha kwa wepesi. Na vidonge vya bure vya mafua niliviacha siku hiyo hiyo. Badala yake niliwauliza akina mama wana tangawizi nyumbani. Mtu mzima mwenye mafua matupu anahitaji kinywaji cha moto, chumvi kooni, usingizi na subira. Kazi yenu ni kuwatambua wasio wa mafua matupu: anayepumua haraka, anayebonyea mbavu, asiyenyonya, mwenye homa iliyoondoka kisha ikarudi. Kwa hao tangawizi ni kupoteza muda, na Bi Mize angekuwa wa kwanza kuwaambia.

Ingekuwa vizuri niishie hapo, wivu umepona na mtoto amepona. Lakini mmeomba kweli. Wivu ulihama tu kitanda. Sasa nilimwonea wivu jicho lake. Mimi nilihitaji dakika nzima na saa. Yeye aliinua uso kutoka kwenye ukili anaousuka, akasema, "Huyu anakimbia," na nilipohesabu, mtoto alikuwa anakimbia kweli. Nikamwomba anifundishe. "Nikufundishe nini," alisema, "nawe una saa?" Hakusema kwa ubaya. Siku moja tu alikosea, akasema mtoto anapumua haraka, nami nikahesabu nikakuta sawa. Nilimwambia. Kesho yake nikapita barazani nikamwambia tena, asije akasahau.

Ulipoingia ule ugonjwa wa mapafu uliotikisa dunia, na nchi nzima ikajifunika mablanketi juu ya masufuria, watu walikuja kwake kwa makundi, wengine wafanyakazi wa hoteli za Utende zilizokuwa zimefungwa. Nilidhani ndio wakati wake wa kuvimba. Aliwaambia, "Mvuke unafungua pua. Ugonjwa haufungui. Mwenye kubanwa aende kwa Dokta." Akanifungia chane nyingi kuliko miaka yote. Hata unyenyekevu wake niliuonea wivu, jambo ambalo nadhani ni vigumu kulifanya.

Mwaka wa mwisho aliletwa Neema kupokea nafasi yangu, kijana mwerevu kutoka Singida, bahari aliiona kwa mara ya kwanza siku aliyoivuka. Katika karatasi ya makabidhiano niliandika vitu vyote, kisha mwishoni, kwa herufi kubwa: CHANE ZA BI MIZE. Nilimpeleka barazani kumtambulisha. Baada ya mwezi nilimkuta amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, anafundishwa kusuka, na Bi Mize anamwita "mwanangu." Mimi kwa miaka kumi na tisa nilikuwa "Dokta."

Nilistahimili siku nne. Ya tano nikaenda.

"Neema unamwita mwanangu."

"Namwita."

"Ana mwezi mmoja hapa."

Bi Mize hakuinua macho kutoka kwenye kazi yake. "Kaniamkia siku ya kwanza," alisema.

Nilistaafu wiki iliyofuata, kukawa na pilau na hotuba, na mwenyekiti akanisifu kwa mambo ambayo mengine niliyafanya.

Kipupwe cha mwaka huu kilinikuta nyumbani, mstaafu mwenye muda wa kuugua. Nikapata mafua. Nilijitibu kama ninavyowaelekeza wengine: tangawizi, mchaichai, karafuu mbili, chumvi, kulala. Siku ya tano nilijiona mzima, nikajisifu. Siku ya nane homa ikarudi, na ubavu ukawa unachoma nikikohoa. Nilijua maana yake. Nimeliandika mwenyewe ukutani. Lakini kwenda kukaa kwenye benchi lile kulinishinda. Siku ya tisa niliipita zahanati, nikaenda moja kwa moja barazani kwa Bi Mize. Nilitaka anipikie kikombe. Hilo ndilo nililolitaka muda wote ule, nikae mbele yake nikiwa nimejinyoosha na aniambie nilale.

"Shikamoo, Bi Mize."

Mikono yake ilisimama juu ya ukili. "Marahaba," alisema. Kisha akaongeza, "Kumbe unaijua."

Alinisikiliza kikohozi. Aliniuliza ni usiku ngapi, nikamwambia tisa, kwa kuwa yeye hadanganywi. Akachomoa chane moja kutoka kwenye fungu lake, akapiga mafundo polepole, vidole vyake siku hizi vina baridi yabisi, akanifunga mkononi. Kikombe hakikuja.

"Nenda kwa mwanangu," alisema.

Benchi lilinipisha, nikakataa, nikakaa ukingoni. Zamu yangu ilipofika Neema alinivutia kiti.

"Pole, Mama. Umeanza lini?"

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Jana."

Neema aliuchukua mkono wangu, akaifungua ile chane kwa kucha bila kuikata, akayapitisha mafundo kidoleni moja baada ya jingine, midomo ikicheza. Akaandika: siku tisa. Akanisikiliza kifua upande wa kulia kwa muda mrefu, kisha akaenda kabatini kuchukua dawa ambayo, kwa mara hii, mgonjwa aliihitaji.

"Naiomba hiyo chane," nilimwambia aliporudi. "Niende nayo nyumbani."

Alikuwa ameshashika gundi. "Haiwezekani, Mama. Inabandikwa kwenye kadi." Akaonyesha ukutani kwa kidevu. "Ndio utaratibu. Na sahihi ni yako."